Kizazi kipo au kilitolewa? Ulinganisho wa homoni baada ya kukoma hedhi

Wanawake wengi wanaokuja kuulizia dawa ya joto la ukomo wa hedhi wanaanza na swali la ipi ni nzuri. Swali hilo halina jibu mpaka lijibiwe lingine: mfuko wa uzazi bado upo, au ulitolewa? Mama wawili wanaweza kuwa na umri mmoja, wakaamshwa usiku na joto lilelile na kulowesha shuka kwa jasho lilelile, lakini kidonge kinachomfaa mmoja kikampandishia mwenzake hatari ya saratani. Nafanya kazi ya dawa hapa Tabora mjini, na nimeona dawa hizi zikigawanwa kati ya dada na dada, kati ya mtu na wifi yake, bila swali hilo kuulizwa.

Tuelewane kwanza kuhusu nani ana kizazi. Aliyefungwa mirija asizae tena, kizazi chake kipo. Aliyesafishwa baada ya mimba kuharibika, kipo. Aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe, huenda kipo na huenda hakipo, kwa sababu mara nyingine huondolewa uvimbe peke yake na mara nyingine vyote pamoja. Usikisie. Tafuta karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Kama imepotea, altrasaundi itaonyesha.

Kwa nini kizazi ndicho kinachoamua

Hedhi ikikosekana miezi 12 mfululizo, bila mimba na bila sababu nyingine, tunasema imekoma. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ovari zimepunguza kutengeneza estrojeni, na upungufu huo ndio unaoleta mwili kuwaka ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, ukavu ukeni, na polepole mifupa kupoteza uimara. Kurudisha estrojeni kwa dawa kunatuliza joto kuliko dawa nyingine yoyote tuliyo nayo. Hilo halina ubishi.

Shida iko kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Estrojeni kwake ni mvua na mbolea: unaota, unanenepa. Mwanamke anapokuwa bado anapata hedhi, yai likishatoka mwili hutengeneza projesteroni, ambayo huzuia ukuaji huo, na mwisho wa mwezi utando unamwagika kama hedhi. Ukimpa mama aliyekoma hedhi estrojeni peke yake, hakuna wa kuuzuia. Utando unaongezeka mwezi hadi mwezi, chembe zinarundikana, nyingine zinaanza kubadilika umbo, na baadhi huishia kuwa saratani.

Wamarekani walilijifunza hili kwa gharama. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 estrojeni pekee iliandikwa kwa wingi sana kwao, ikisifiwa kuwa inarudisha ujana. Desemba 1975 tafiti mbili zilichapishwa pamoja katika jarida la New England Journal of Medicine, zote zikionyesha kwamba watumiaji walikuwa wanapata saratani ya mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wasiotumia. Miaka 20 baadaye, 1995, tafiti nyingi zilipojumlishwa, hatari ilionekana kuwa zaidi ya mara 2 kwa watumiaji wa estrojeni pekee kwa ujumla, na zaidi ya mara 9 kwa waliotumia miaka 10 au zaidi. Ukiacha dawa, hatari haiondoki siku hiyo; inaburuza miaka.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa wakati huohuo, uitwao PEPI, ambao naupenda kwa sababu haukusubiri saratani itokee. Wanawake 596 wenye kizazi walifuatiliwa miaka 3. Katika kundi la estrojeni pekee, 62 katika kila 100 utando wao ulinenepa kupita kawaida, na kati ya hao karibu 12 ulifikia hatua ya chembe zilizobadilika, ambayo ni mlangoni pa saratani. Kundi lililopewa estrojeni pamoja na projesteroni lilikuwa halitofautiani na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Miaka mitatu tu.

Aliyetolewa kizazi chote

Kwake ni rahisi, nami sitakaa sana hapa. Estrojeni pekee inamtosha. Kumwongezea projesteroni ni kumpa mzigo asiouhitaji, maana hana utando wa kulinda, na projesteroni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari ya titi, kama nitakavyoeleza. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI, wanawake 10,739 waliotolewa kizazi waligawanywa kati ya estrojeni na kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2004 ulisimamishwa kwa sababu kiharusi kilikuwa kimeongezeka, takribani 12 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Saratani ya titi haikuongezeka, na mivunjiko ya nyonga ilipungua.

Angalizo ni mawili. Kama kizazi kilitolewa nusu, mlango ukaachwa, mabaki ya utando yanaweza kuwapo. Mwambie daktari kabla hajaandika. Na kama kilitolewa kwa sababu ya utando wa kizazi kuota nje ya mahali pake, huenda mabaki yapo tumboni, na daktari anaweza kuongeza projesteroni kwa muda.

Mwenye kizazi: kila siku au kwa awamu?

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Wote wanaotumia estrojeni ya kuingia mwilini watahitaji projesteroni, au dawa ya jamii yake kama medroksiprojesteroni. Iwe estrojeni ya kumeza, ya kubandika kwenye ngozi au ya kupaka, sheria ni hiyohiyo. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaodhani kibandiko ni salama kwa kizazi kwa kuwa hakipiti tumboni. Kibandiko na jeli vina faida yao, damu haigandi kirahisi kama kwa vidonge vya kumeza, na kwa mama mwenye uzito mkubwa ningeanza huko. Lakini utando wa kizazi haujali estrojeni iliingilia wapi.

Njia ya kwanza ni homoni zote mbili kila siku bila kupumzika. Njia ya pili ni estrojeni kila siku, na projesteroni siku 12 hadi 14 za kila mwezi.

Kwa kizazi, ya kila siku ndiyo bora. Utafiti wa Uingereza wa wanawake milioni moja, ulipotoa matokeo yake ya saratani ya mfuko wa uzazi mwaka 2005, ulionyesha waliotumia mseto wa kila siku wanapata saratani hiyo *pungufu* kuliko wasiotumia homoni kabisa. Wa awamu walikuwa sawa na wasiotumia. WHI nayo ilionyesha vivyo hivyo kwa mseto wa kila siku wanawake walipofuatiliwa kwa miaka mingi. Projesteroni ikitolewa chini ya siku 10 kwa mwezi, au mara moja kila miezi mitatu, kinga inapungua. Kama umeandikiwa hivyo, uliza sababu.

Kwa titi, mambo yanageuka. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha jumla ya tafiti kutoka nchi nyingi. Mwanamke wa Magharibi akianza akiwa na miaka 50 na kutumia miaka 5, mseto wa kila siku unaongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya titi kwa kila watumiaji 50, ukihesabu mpaka wafike miaka 69. Wa awamu unaongeza mmoja kwa kila 70. Estrojeni pekee, mmoja kwa kila 200. Saratani hizi zinaandikishwa kwa wingi zaidi kule kuliko kwetu, hivyo usizihamishie namba hizo Urambo au Sikonge kama zilivyo. Mpangilio wake lakini ndio huo: kinachokilinda zaidi kizazi ndicho kinacholigusa zaidi titi. Anayekuuzia homoni kwa kukuhakikishia kwamba hazina hatari popote, mwache na dawa yake.

Tofauti ya tatu ni damu, na kwa wanawake wengi hii ndiyo inayoamua kuliko namba zote. Mseto wa awamu unaleta damu kila mwezi, kama hedhi imerudi. Wengine hawataki kusikia. Mtu ameshukuru Mungu kaachana na pedi, unamrudishia. Mseto wa kila siku hauleti hedhi, ila miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone yasiyo na ratiba ni ya kawaida. Ndiyo sababu ambaye hedhi yake ya mwisho haijatimiza mwaka huanzishiwa wa awamu, kwani wa kila siku utamtoa damu ovyo, na aliyevuka mwaka huanzishiwa wa kila siku. Aliyeanza na awamu asikae nayo miaka na miaka, ahamishwe.

Pakiti ya awamu ina mtego wake. Mama mmoja wa Isevya aliletewa maboksi na bintiye anayeishi nje ya nchi. Akaja dirishani kwetu ameshika karatasi ya vidonge, safu mbili za juu zimeisha, mbili za chini nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba hivi vyeupe, vimeniishia."

"Na hivi vya kijivu, mama?"

"Hivyo nampa wifi yangu. Yeye joto lake dogo."

Vyeupe vilikuwa estrojeni tupu. Vya kijivu vilikuwa na homoni zote mbili. Wifi, bila kujua, alikuwa anapata zote mbili. Mama mwenyewe, mwenye kizazi chake kamili, alikuwa anakusanya vyeupe vya kila boksi na kumeza estrojeni peke yake. Nilipomuuliza kama ameona damu akasema kidogo tu, mwezi uliopita, akajua ni joto. Nikamwandikia kwenye karatasi aende hospitali wiki hiyohiyo. Utando ulikutwa umenenepa, akachukuliwa kipande kidogo cha utando kwenda kupimwa, majibu yakarudi bila saratani. Rangi mbili kwenye pakiti moja hazina maana ya nguvu kubwa na nguvu ndogo. Ni nusu mbili za dawa moja, na haigawiki.

Kitanzi, lakini si kila kitanzi

Projesteroni inaweza pia kuwekwa mahali penyewe inapohitajika. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, kile cha miligramu 52, hukaa ndani ya mfuko wa uzazi na kuulinda utando kwa miaka 5, huku mama akitumia estrojeni ya kubandika au ya kumeza. Kwa anayesahau vidonge, au anayechoka na projesteroni ya kumeza kwa sababu inampa usingizi na kumjaza tumbo, hiki ningekiweka juu kabisa kwenye orodha yangu.

Kitanzi cha shaba, kile ambacho wengi waliwekewa kliniki za uzazi wa mpango, hakina homoni yoyote. Hakilindi utando. Mwanamke mwenye kitanzi cha shaba anayepewa estrojeni pekee ni sawa na asiye na kitanzi.

Kama shida ni ukavu tu

Wapo ambao joto liliwaisha zamani, kinachowasumbua ni maumivu wakati wa tendo la ndoa na mkojo kuwachoma mara kwa mara. Hao hawahitaji homoni ya mwili mzima. Estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo, hufanya kazi palepale na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Wanawake wa WHI waliokuwa wakiitumia hawakuonekana kuwa na saratani nyingi zaidi ya mfuko wa uzazi. Kwa kawaida haihitaji projesteroni. Fuata dozi tu, kwa sababu krimu ikipakwa kwa wingi kama losheni, hesabu inabadilika. Kabla hata ya hapo, vilainishi visivyo na homoni vinatosha kwa wengine.

Wasiotakiwa kutumia homoni

Aliyewahi kupata saratani ya titi au ya mfuko wa uzazi, aliyewahi kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na anayetokwa damu ambayo chanzo chake hakijajulikana. Hawa wasianze bila bingwa.

Kwao zipo dawa zisizo homoni: venlafaksini, paroksetini, gabapentini. Hazifikii estrojeni kwa kutuliza joto, ila zinapunguza. Anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya titi asipewe paroksetini, inaizuia tamoksifeni isifanye kazi. Na tamoksifeni yenyewe huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi kwa waliokoma hedhi, hivyo tone lolote la damu kwake ni la kuripoti siku hiyohiyo.

Vidonge vya majira sivihesabu kama mbadala. Mseto wake una estrojeni kali kuliko ya tiba ya ukomo wa hedhi, na kwa mama wa miaka 53 mwenye presha, kuganda damu ni hatari ya kweli. Na zile dawa za "kubalansi homoni" zinazotembezwa kwenye magrupu ya WhatsApp, zenye picha ya mwanamke anayetabasamu na neno "asilia" juu yake? Kama boksi halisemi ndani kuna nini na kiasi gani, huwezi kujua kama umeletewa unga wa majani au estrojeni isiyo na mlinzi. Mimi sizigusi.

Umri una neno lake

Wanawake wa WHI walikuwa na wastani wa miaka 63, na kundi la mseto, 16,608, lilisimamishwa Julai 2002: kwa kila 10,000 kwa mwaka, saratani za titi 8 zaidi, viharusi 8 zaidi, ila nyonga zilizovunjika 5 pungufu na saratani za utumbo mpana 6 pungufu. Habari ile iliogopesha dunia nzima, hata wanawake wa miaka 50 wasiolala usiku wakanyimwa dawa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hali yake ni nzuri zaidi. Na aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 yuko kwenye fungu lake kabisa: kwake kukosa homoni ndiko kwenye madhara, kwa mifupa na moyo, na kwa kawaida hushauriwa kuzitumia mpaka karibu na miaka 50.

Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa maonyo makubwa yaliyokuwa yakibandikwa kwenye homoni hizi kuhusu moyo na titi. Wengi wamesoma kichwa cha habari wakaishia hapo. Onyo la saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni pekee halikuondolewa.

Damu, na kipimo ambacho si chenyewe

Utumie homoni au usitumie, damu baada ya miezi 12 ya ukimya ni ya kuonwa na daktari, hata ikiwa tone moja la rangi ya chai. Karibu wanawake 9 kati ya 10 wenye saratani ya mfuko wa uzazi walianza na damu hiyo. Kwa upande wa pili, wengi wanaotokwa damu hiyo hawakutwi na saratani, hivyo kwenda si kujitabiria. Kwa aliye kwenye mseto wa kila siku, matone yanayovuka miezi 6, au yanayoanza upya baada ya kukatika, yanahesabiwa hivyohivyo.

Kinachowapoteza wengi huku kwetu ni kampeni za saratani ya mlango wa kizazi. Ni kampeni nzuri, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mama anapimwa kwa siki, anaambiwa yuko salama, na damu inapotoka mwaka unaofuata anasema "mimi nilishapimwa kizazi". Kile kipimo kinaangalia mlango. Utando wa ndani hakiufikii, na chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango, nayo haiuhusu. Kinachotakiwa ni altrasaundi ya kupitia ukeni: kwa mama anayetokwa damu na asiyetumia homoni, utando wa milimita 4 au chini yake hufanya saratani iwe jambo la mbali sana, ukizidi, huchukuliwa kipande chake kikapimwa. Hapa mkoani anza Kitete, au Nkinga kwa walio upande wa Igunga. Ikibidi matibabu ya saratani, rufaa huenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Mwenye uzito mkubwa na mwenye kisukari wasisubiri hata wiki mbili. Mafuta ya mwili yenyewe hutengeneza estrojeni, na baada ya hedhi kukoma hiyo nayo inafanya kazi bila projesteroni.

Kabla ya kuandikiwa

Ningekuwa na miaka 51, kizazi changu kipo, presha iko sawa, sina saratani kwenye ukoo, na silali kwa joto, ningechagua kibandiko au jeli ya estrojeni pamoja na kitanzi cha homoni. Nikikosa hivyo, kidonge cha mseto cha kila siku, dozi ndogo inayotosha, na kila mwaka nakaa na daktari kuuliza kama bado nakihitaji. Ningekuwa na dada aliyeugua titi, ningeanza na dawa zisizo homoni nione zitanifikisha wapi.

Na swali moja ningemuuliza mwenye famasi kabla ya kulipa: hizi mbili nitazipata mwezi ujao na ule unaofuata? Dawa huku hukatika. Estrojeni ikiwapo na projesteroni ikakosekana, usiendelee na ile iliyopo ukisubiri nyingine ije na mzigo kutoka Dar. Wiki hiyo piga simu kwa aliyekuandikia, akubadilishie au akusimamishie zote mbili, na tarehe uliyokosa iandike kwenye kadi yako ya kliniki.